Maneno ya Tanga Mbali na Bahari: Chombo cha Mfano na Wanafunzi wa Kitale na Bungoma

Utangulizi

Katika kamusi za Kiswahili limo kundi dogo la maneno manne yanayoegemeana kama nguzo za kibanda. Henza huelezwa kuwa ni kamba nene ya kutwekea foromali. Gofia huelezwa kuwa ni kapi lililofungwa kwenye henza. Jarari ni kamba nyembamba zaidi ipitayo katika gofia na katika abedari. Abedari nayo ni kapi lililo chini, ambalo jarari hupita ndani yake. Msomaji asiyelijua hata moja kati ya maneno hayo huanza na la kwanza, akapelekwa kwa la pili, akasukumwa mpaka la nne, kisha akarudi pale pale alipoanzia. Maelezo hayana kosa lolote, wala mtungaji wa kamusi hastahili lawama. Ila maelezo hayo yalimkusudia mtu aliyekwisha kuiona kamba yenyewe.

Aliyekulia Lamu au Mombasa haoni taabu kubwa hapo. Taabu humpata aliyekulia Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, au Bungoma, upande wa kusini wa Mlima Elgon, ambako njia ya barabara mpaka Mombasa huzidi kilomita 800. Huyo naye ni msemaji wa Kiswahili, hukisoma darasani, hutahiniwa kwacho, na pengine atakuwa mwalimu wake. Yafaa basi kuuliza kwa nini baadhi ya maneno ya chombo yalipanda mpaka kwao yakawa mali yao kabisa, na mengine yakabaki pwani. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa njia ya historia, na yana hoja moja: neno husafiri pale kazi yake inaposafiri. Kazi ya tanga haikupanda bara kwa ukubwa wake wa asili, lakini inaweza kupanda kwa umbo dogo, yaani kwa chombo cha mfano kilichofungwa kamba zake zote na kutwekwa tanga lake kwa ukamilifu.

Maneno yaliyopanda bara

Kabla ya utawala wa Waingereza kuimarika, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikwisha kuzoea nchi iliyo kati ya Elgon na Ziwa Nyanza. Joseph Thomson alipovuka sehemu hizo mwaka 1883 akielekea Kwa Sundu, mahali panapojulikana leo kuwa Mumias, aliandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, ambaye njia za bara hazikuwa ngeni kwake. Masimulizi ya wenyeji wa Kitale nayo hutaja kuwa mahali hapo palikuwa kituo cha misafara muda mrefu kabla mji haujajengwa.

Miongoni mwa bidhaa za misafara hiyo ilikuwako nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iitwayo marekani kwa sababu asili yake ilikuwa viwanda vya Marekani. Huko pwani nguo ya namna hiyo ilishonwa matanga. Bara ilivaliwa, ikapimwa kwa mikono, ikatumika kama fedha katika kununua chakula na kulipia njia. Kitambaa kilekile kilifika, lakini hakikufika na kazi yake ya chomboni. Kwa hiyo neno marekani likapanda, na maneno ya kushonea tanga yakabaki nyuma. Mfano huu mmoja unatosha kuonyesha kuwa njia ya biashara haibebi msamiati wote wa kitu. Hubeba sehemu ile tu ambayo mnunuzi ana haja nayo.

Baada ya misafara ilikuja reli. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Kisumu mwaka 1901. Njia nyingine ilifika Eldoret mwaka 1924. Tawi la Kitale likafunguliwa mwaka 1926, na njia kuu ikapita Bungoma hata kufika Kampala mwaka 1931. Pamoja na reli walikuja maseremala, na pamoja na maseremala zikaja zana. Leo fundi wa Bungoma anayetengeneza kitanda au mlango husema randa, patasi, msumeno na msumari bila kufikiri kuwa anatumia maneno ya kigeni. Randa asili yake ni Kiajemi na lugha za Kihindi. Msumari asili yake ni Kiarabu. Zana hizo hizo ndizo zilizotumika katika gudi za kuundia majahazi. Kwa hiyo yafaa kusema kuwa nusu ya msamiati wa muunda vyombo imekwisha kufika Bungoma, nao ni msamiati wa kuchonga na kuunganisha mbao. Nusu iliyosalia, ya kufunga kamba na kutweka tanga, haikufika.

Yako pia maneno ya safari ya majini yaliyopata kazi mpya barabarani. Nauli, katika asili yake ya Kiarabu, ni ujira wa kupakia chomboni. Katika kituo cha matatu cha Kitale hakuna asiyelijua neno hilo, wala hakuna anayelihusisha na bahari. Usukani, ambao jahazini ni ubao wa nyuma unaoongoza chombo, sasa ni gurudumu lililo mikononi mwa dereva. Rubani aliyekuwa akiongoza chombo kati ya miamba leo huongoza ndege. Maneno hayo hayakupanda kwa sababu watu wa bara waliipenda bahari. Yalipanda kwa sababu motokaa na ndege zilikuwa na kazi zisizo na jina, na majina ya chomboni yalikuwa tayari kuzifanya.

Maneno yaliyofika bila kitu chake

Kati ya maneno yaliyopanda na yale yaliyobaki lipo kundi la tatu ambalo mtaalamu wa lugha hana budi kulitazama kwa makini zaidi. Hayo ni maneno yaliyofika bara kwa njia ya kitabu, pasi na kitu chake. Kanisa liliyaleta baadhi yake. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 hukutana na neno shetri katika habari za dhoruba iliyomo katika Injili ya Marko, mlango wa nne. Wakristo wa Lugulu au Kimilili wamelisikia likisomwa miaka mingi, na wengi wao hutambua tu kuwa ni mahali fulani ndani ya chombo.

Shule ilileta mengine. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima katika shule za Kenya, na methali zikapata nafasi kubwa katika mafunzo na mitihani. Methali isemayo kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani ikawa mali ya kila darasa. Mwanafunzi hufundishwa maana yake ya nje, kwamba azungukaye huku na huku mwisho hurudi kwake, naye hujibu hivyo na kupata alama zake. Lakini akiulizwa ni kwa nini marejeo yawe ngamani na si mahali pengine, hunyamaza. Hajui kuwa omo ni sehemu ya mbele ya chombo na tezi ni ya nyuma. Wala hajui kuwa ngama ni chini kabisa ndani ya chombo, ambako maji yavujayo hukusanyika na hayana budi kufutwa. Baharia anaweza kutembea mbele na nyuma apendavyo, lakini kazi ya kufuta maji humrudisha chini. Ndani ya methali hiyo imo kazi, tena kazi nzito, ambayo tafsiri ya darasani imeifanya kuwa wasia mwepesi juu ya nyumbani.

Hali hii isipuuzwe. Lugha ambayo wasemaji wake wengi wanayajua mafumbo yake bila kuvijua vitu vilivyoyazaa huanza kuwa na tabaka mbili: ya wachache wanaoona, na ya wengi wanaokariri. Mwalimu wa bara hujikuta akifundisha kwa kuazima mamlaka ya kitabu, naye hana njia ya kukipima kitabu hicho. Hapo ndipo penye jambo zito katika suala linaloonekana dogo la kamba na tanga.

Mtepe: kazi ilipokufa

Huenda ikasemwa kuwa maneno hayo yatatunzwa pwani, na kwamba bara haina wajibu juu yake. Historia ya mtepe yaonyesha kuwa matumaini hayo si imara. Mtepe ulikuwa chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigwa misumari ya chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka, lenye pembe nne. Ushonaji wa vyombo katika pwani hii ni wa kale sana: kitabu cha Kiyunani cha mabaharia, kilichoandikwa katika karne ya 1, kinataja vyombo vya kushonwa, na Wareno waliofika pamoja na Vasco da Gama mwaka 1498 waliona vyombo vilivyoshonwa na matanga ya mikeka. Mitepe ya Wabajuni na watu wa Lamu ilichukua boriti za mikoko na mizigo mingine mpaka mwanzo wa karne ya 20. Lydekker aliieleza katika jarida la Man mwaka 1919. James Hornell alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1941, mtepe ulikuwa umekwisha kutoweka baharini.

Ulipotoweka, fundi hakuwa tena na sababu ya kumtajia mwanagenzi jina la kila fundo na kila mshono. Prins, aliyechapisha kitabu chake juu ya ubaharia wa Lamu mwaka 1965, alifanya kazi katika jamii iliyokuwa bado hai katika majahazi, lakini kuhusu mtepe alikuwa kama mtu akusanyaye makaa baada ya moto kuzimika. Tangu hapo anayetaka kuujua mtepe hutegemea mambo matatu: picha chache, maandishi, na vyombo vya mfano kama vile vilivyowekwa katika makumbusho ya Lamu. Picha huonyesha umbo la nje tu. Maandishi hutaja majina, lakini mara nyingi hayaonyeshi jina gani ni la kamba ipi. Chombo cha mfano, kikiwa kimetengenezwa na mikono iliyoijua kazi, huonyesha kamba inatoka wapi na inaishia wapi. Ni ushahidi ambao mtu anaweza kuufuata kwa kidole.

Mwaka 2003 mtepe kamili ulijengwa upya Zanzibar kwa ajili ya makumbusho ya Jumba la Maajabu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilianguka. Tukio hilo lilikumbusha kuwa jengo, hata likiwa na sifa kubwa, si ghala la kutegemewa peke yake. Maarifa yaliyomo katika mikono ya watu wengi, na katika miji mingi, hayaangukiwi na ukuta mmoja.

Kutweka tanga la chombo kidogo

Yafaa sasa kueleza kazi yenyewe, maana hoja ya makala haya inasimama au inaanguka nayo. Vyombo vingi vya mfano vinavyouzwa kwa wageni hufungwa tanga kwa nyuzi zisizokwenda. Tanga hushonwa likakaa pale milele. Hivyo ni mapambo, na havina haja ya maneno, kwa kuwa hakuna kinachotwekwa wala kinachotuliwa. Chombo kinachofaa kufundishia ni kile ambacho kamba zake hukimbia kweli, na tanga lake hupanda na kushuka.

Katika kijahazi cha namna hiyo kazi huanza na mlingoti. Huinamishwa mbele kidogo, ili foromali ining'inie mbele yake bila kuukwaruza. Foromali yenyewe, ambayo ndiyo mti mrefu unaobeba tanga, katika jahazi kubwa huungwa kwa miti miwili au zaidi na kufungwa kamba penye maungio. Katika chombo kidogo ufito mmoja ungetosha, lakini fundi mwangalifu huunga hata hapo, ili anayejifunza aone. Tanga hukatwa katika kitambaa chepesi cha pamba kilichofuliwa mpaka wanga ukatoka, maana kitambaa kigumu hakishiki upepo kikatuna. Upande wake wa juu hufungwa kwenye foromali ikiwa ingali chini. Pembe ya chini ya mbele huitwa goshi, na wengine husema joshi. Hiyo hufungwa upande wa omo. Kamba iliyo katika pembe ya chini ya nyuma ndiyo demani. Hiyo huletwa nyuma, kwa tezi, mahali ambapo baharia huikaza au kuilegeza. Hamarawi hufungwa ili kuituliza foromali isiyumbe. Kutokana na kamba hizi chombo hupata pande zake mbili: upande wa goshini ndio upepo utokako, na upande wa demani ndio upepo uendako.

Ndipo inapofika zamu ya yale maneno manne. Henza, ambayo huwa uzi mnene kuliko nyingine zote, hupitishwa juu ya mlingoti; ncha yake moja hufungwa katikati ya foromali, na ncha ya pili hufungwa gofia. Abedari huwekwa chini, karibu na shina la mlingoti. Jarari hupitishwa katika gofia na abedari, kwenda na kurudi. Mtu akivuta jarari, gofia hushuka kuielekea abedari. Gofia ikishuka, henza huvutwa. Henza ikivutwa, foromali hupanda na tanga hufunguka. Kila jarari inaporudia kupita, mkono huona uzito umepungua na uzi wa kuvuta umekuwa mrefu zaidi. Mambo ambayo kamusi iliyaeleza kwa mzunguko yameeleweka kwa mvuto mmoja. Tena chombo hakikubali udanganyifu: mwanafunzi aliyechanganya henza na jarari hataambiwa na mwalimu kuwa amekosa, kwa sababu tanga halitapanda.

Vifaa vyake havikosekani magharibi ya Kenya. Mvule, ambao maseremala wa pwani wanausifu, hukua pia katika nchi za chini za upande huo. Makapi madogo huchongwa kwa mti mgumu na kutobolewa. Uzi wa pamba husokotwa kwa unene wa namna tatu au nne. Fundi mwenye randa, msumeno na patasi, aliyekwisha kupokea nusu moja ya msamiati, ndiye hasa anayefaa kupokea nusu ya pili.

Pingamizi na majibu yake

Huenda ikaulizwa ni kwa nini mtoto wa Bungoma ashughulishwe na bahari, ilhali Lubukusu lugha yake ina msamiati wa kazi ambao nao unasahaulika. Swali hilo ni la haki, na jibu lake si kuuweka msamiati mmoja juu ya mwingine. Kanuni iliyoelezwa hapa ndiyo ile ile. Maneno ya kujenga nyumba ya msonge, ya kufua chuma na ya kusuka vikapu hayatatunzwa kwa orodha pekee. Yatatunzwa kazi ikifanyika, hata kwa umbo dogo. Mwanafunzi aliyejifunza kwa kijahazi namna neno linavyoshikamana na mkono atajua pia namna ya kumuuliza babu yake.

Aidha, si kweli kuwa tanga ni geni kabisa katika maji yaliyo karibu. Mto Nzoia, unaopita Webuye, huishia Ziwa Nyanza, na katika ziwa hilo kazi ya kuunda madau ilikwisha kufika katika karne ya 19. Songoro, mfanyabiashara aliyekaa Ukerewe, aliunda dau huko na kuwauzia wamisionari wa Kiingereza. Ugomvi uliotokea kisiwani humo Desemba 1877 ulimwangamiza yeye pamoja na Shergold Smith na O'Neill. Kazi iliposafiri, maneno nayo yalisafiri. Katika Kiganda ennanga ni chombo cha muziki chenye nyuzi, neno la kale la Kibantu. Lakini pia ni nanga ya chombo, neno lililotoka katika langar ya Kiajemi. Maneno mawili ya asili mbalimbali yamekutana katika sauti moja kando ya ziwa, kwa sababu watu walikuwa na nanga ya kutia.

Hitimisho

Makumbusho ya Kitale yalianza na mkusanyo wa Kanali Stoneham mwaka 1926, na yakafunguliwa kuwa makumbusho ya taifa Desemba 1974, ya kwanza ya namna yake katika bara la Kenya. Ndani ya uwanja wake zimejengwa nyumba za jamii mbalimbali za magharibi, ili mgeni aingie na kuona kwa macho. Bungoma nako, Chuo Kikuu cha Kibabii kilipata hati yake mwaka 2015. Mahali kama hapo, penye wasomi wa lugha na mafundi wa mbao kwa pamoja, pana kila kinachohitajika ili chombo kimoja cha mfano kichongwe, kifungwe kamba na kutwekwa tanga, na kila kamba iandikwe jina lake.

Kazi hiyo haitamfanya mtu wa Kitale kuwa baharia, wala hakuna haja hiyo. Itamfanya awe msemaji anayeweza kuisoma kamusi ya lugha yake na kuihukumu, akajua maelezo yapi yametosha na yapi hayajatosha. Sehemu kubwa ya wasemaji wa Kiswahili wa leo na wa kesho imo bara. Ikiwa maneno ya tanga yatabaki kwa wale tu wanaoiona bahari kutoka dirishani, idadi ya wenye kuyajua itapungua kila jahazi moja linapovutwa pwani lisirudi tena majini. Yakipewa kazi, hata kazi ndogo ya uzi na kitambaa juu ya meza ya darasa, yatakuwa na mahali pengine pa kuishi.